Mama Bayeri Amepanda Moto Yangu

Kwingine wanaiita pikipiki. Sisi hapa Goma tunasema moto tu, na tangu ninunue yangu naona waliochagua jina hilo hawakukosea: inakula pesa kama nyasi kavu. Ni TVS ya mkono wa pili. Niliipata kwa dola 600, siku zamu yangu ya likilimba, ule mchezo wa upatu, ilipofika. Mke wangu alikuwa na mipango mingine na zile pesa. Mama Bayeri naye alikuwa na yake.

Bayeri, kwa msioishi huku, ni mwenye nyumba. Wa kwetu ni mjane wa miaka 60 na kitu, mfupi, funguo zinalia kiunoni kama kengele ya mbuzi, na mlango wake unatazamana na wetu katika parseli ileile, yaani kiwanja kimoja, mtaa wa Ndosho. Garanti yangu, pesa ya dhamana ya nyumba, ilishaliwa zamani. Juu yake nilikuwa na deni la miezi 2, dola 50 kwa mwezi. Mimi ni mwalimu. Habari za mshahara wangu nisizilete hapa, hiki ni kichekesho.

Basi nilikuwa naishi hivi: saa kumi na moja alfajiri naisukuma moto bila kuiwasha, juu ya yale mawe ya volkano yanayotoboa tairi hata ukiyatazama vibaya, mpaka barabara kubwa, ndipo napiga kiki. Mtu na akili zake anaiba mali yake mwenyewe. Jioni narudi Mama akiwa kwenye maombi. Shahidi wangu mmoja tu, Simba, mbwa wa parseli. Huyo anachukia motari, wale wanaobeba abiria kwa moto, kuliko wezi. Suruali alizozirarua zingetosha kufungua duka la mitumba. Mimi nilimnunua mapema kwa ukoko wa bugali, kila usiku kipande.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mwaka 2024. Nilikuwa Birere nimefuata waya wa ambrayaji, klachi. Saa kumi na moja na nusu jioni. Wakati ule moto zilikuwa zimekatazwa kutembea baada ya saa kumi na mbili, kwa hiyo nusu saa ya mwisho watu wanagombania motari kama mvua imeanza. Nimesimama pembeni, kaske, ile kofia ya moto, kichwani, kioo nimekishusha kwa sababu ya vumbi, nahesabu chenji. Nikasikia nyuma moto imekaa chini, springi zikalia. Gunia dogo la unga likanisukuma mgongoni.

“Motari, Ndosho. Elfu mbili, siongezi.”

Sauti ile naijua hata usingizini. Hasa usingizini.

Ningeweza kugeuka nikasema, mama, ni mimi. Niliwaza hivyo kwa sekunde mbili nzima. Halafu nikawaza kwamba mama huyu hajui kama nina moto, na kwamba moto hii ina thamani ya mwaka mzima wa nyumba yake. Nikatia gia.

Hatujafika mbali akampigia simu yaya, mkubwa wake. Mama Bayeri akipiga simu, mtandao ni kwa heshima tu. Mtu wa upande wa pili angemsikia hata bila. “Eee, yaya! Yule mwalimu? Hajalipa! Miezi mbili! Ananipita kama kivuli. Na nimesikia watu wanasema amenunua moto! Moto, yaya! Miye nalala juu ya godoro la shimo, yeye ananunua moto!” Akanigonga begani. “Papa motari, mtu kama huyo ungemufanya nini?”

Kukaa kimya ilikuwa haiwezekani, kujibu kwa sauti yangu ni kujifunga kamba. Katika shida ile ubongo wangu ukanipa wazo moja tu, baya: Lingala. Lingala yangu ni maneno sita, na manne ni ya salamu.

“Malamu, mama,” nikasema, yaani nzuri, mama.

Kimya kidogo. Halafu kicheko. “Yooo! Wewe ni mutu wa Kinshasa!” Kumbe marehemu mume wake alikuwa askari, na mama alikaa Kinshasa miaka tisa. Miaka sita nimelala mita nne kutoka kwake, sikujua. Akafungulia Lingala kama mtu aliyepata bomba lililokauka miaka mingi. Nilishika neno moja moja. Aliuliza mtaa gani ninatoka.

“Malamu, mama.”

Aliuliza nina watoto wangapi.

“Malamu.”

“Maskini,” akasema kwa Kiswahili, akiirudia simu. “Huyu motari hasikii vizuri.”

Tulipokaribia rondpuani ya Chukudu, ule mzunguko wa barabara, chini ya sanamu ile ya dhahabu, moto ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Nilijua kabla haijazima. Mafuta nanunua kwa chupa kwa kadafi, muuzaji wa barabarani, tangu juzi nilikuwa kwenye rezevu, na rezevu ya mwalimu nayo ina rezevu yake. Tukashuka. Nikafanya dawa tunayoijua wote: unailaza moto upande wa kushoto mpaka karibu iguse chini, ili yale matone yaliyojificha upande wa pili wa tangi yavuke kufuata robine, bomba la mafuta. Ukiifanya peke yako inaonekana ufundi. Ukiifanya mbele ya kiliya, yaani abiria, ameshika gunia la unga, inaonekana unaibembeleza ng’ombe mgonjwa.

Ikawaka mita mia mbili. Ikazima tena, sasa kabisa.

“Sukuma, na miye nasukuma,” akasema mama. Na alisukuma! Mjane wa miaka 60, kitenge amekifunga vizuri, anaisukuma moto iliyonunuliwa kwa loyer yake, kodi ya nyumba yake, huku anaendelea kumlaani mwenye moto. Mtu wa chukudu akatupita na magunia matatu ya makala, mkaa. Ubao mtupu na magurudumu mawili ya mti, haujui kadafi wala rezevu, na umetupita. Alitupungia mkono. Sikumpungia.

Kwa kadafi nikalipa chupa moja kwa noti mbili za mwisho. Kijana akataka kuniambia kitu kuhusu deni la juma lililopita; nikamkanyaga mguu.

Saa kumi na mbili kasoro dakika chache tulikuwa mbele ya geti letu. “Usiingie,” mama akaniambia kwa huruma, “niko na mbwa mukali, anakula motari. Ngoja nikulipe hapahapa.” Bado anatafuta noti mjukuu wake akafungua geti, na Simba akatoka kama jiwe.

Mama akapiga kelele, akanivuta koti. Simba akafika, akajilaza kifudifudi mbele ya gurudumu, mkia unafagia vumbi lote la Ndosho. Akaanza kunilamba kiatu. Halafu akainua kichwa akatazama mfuko wa jaketi, kule ukoko unakotokeaga.

Nimefundisha miaka kumi na moja. Naujua ukimya wa darasa linaloelewa jambo kwa wakati mmoja. Ulikuwa ule.

“Motari,” akasema mama polepole. “Toa kaske.”

Nikatoa. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la sombe. Sikupata la kusema, mdomo ukajisemea wenyewe:

“Malamu, mama.”

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alirudisha ile elfu mbili kwenye kitenge, akaifunga fundo, akaingia ndani, akarudi na daftari na kalamu. Dola ilikuwa franki 2,800. Dola mia ni franki 280,000. Akagawanya kwa elfu mbili, kwa mkono, bila kalkuleta, akaniita mimi mwalimu nihakikishe. Safari 140. Ya leo akaikataa kuihesabu, kwa sababu alisukuma.

Sasa naiwasha moto mlangoni kabisa, mchana kweupe, na mama ananingoja na gunia lake. Leo tumefanya ya 17. Mafuta ni juu yangu. Bahati mbaya mwezi umeisha tena, na jana usiku niliona taa yake inawaka, ameinamia daftari, anaongeza 70.