Kobe wa Uani na Hesabu ya Mayai

Si ajabu, ukipita maboma ya pembezoni mwa Nakuru, kumkuta kobe akitafuna sukuma wiki kando ya tangi la maji. Mwenyeji atakwambia aliingia mwenyewe kutoka shambani, watoto wakamzoea, akabaki. Hakununuliwa wala hakuibwa.

Sheria haimtazami hivyo. Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haianzi kwa kuuliza ulimpataje. Inauliza kibali kiko wapi. Kukaa na mnyamapori bila kibali ni kosa, hata kama umemlisha vizuri miaka kumi. Na kama aina yake imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini uliotiwa saini mwaka 1973, faini inaanzia shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Kobe mwenye madoa kama chui, tunayemwona sana Bonde la Ufa, yumo Kiambatisho cha Pili. Kifungu hicho kizito hakimgusi, lakini kibali kinatakiwa palepale.

Hata hivyo, kobe wa uani siye anayemaliza jamaa zake porini. Anayewamaliza ni mfanyabiashara mwenye makaratasi safi.

Mchukue kobe bapa, yule ambaye gamba lake ni jembamba, lanyumbulika, na limelala kama chapati. Haishi Nakuru wala Kisumu; makazi yake ni majabali ya maeneo kama Kitui na Mwingi, kisha Tanzania, na kipande kidogo cha Zambia. Mwaka 2019 alipandishwa hadi Kiambatisho cha Kwanza, maana yake wa porini haruhusiwi kuuzwa nje kwa biashara. Mlango uliobaki ni mmoja: cheti kinachosema mnyama amezaliwa kizuizini. Kwenye kibali hilo huandikwa kwa herufi moja tu, D, badala ya W ya porini. Herufi moja inabadilisha wizi kuwa ufugaji.

Cheti kinaweza kudanganya. Mayai hayadanganyi. Jike wa kobe bapa hutaga yai moja kwa mtago, mara chache kwa mwaka, na mtoto huchukua miaka mitano au zaidi kabla hajaweza kuzaa. Tuwe wakarimu: tuseme kila jike ametoa mayai 3 kwa mwaka na yote yameanguliwa, jambo ambalo halitokei. Shamba linalotaka kuuza kobe 300 kila mwaka lingehitaji majike 100 waliokomaa. Yakiharibika nusu ya mayai, majike ni 200, mbali na madume, na mbali na wale wanaobakizwa kurithi wazee. Basi mkaguzi akikuta majike 20 na stakabadhi za kobe 300, hana haja ya maabara. Aulize hao 240 na zaidi walitagwa na nani.

Macho nayo husaidia. Waliozaliwa shambani huwa na ukubwa unaokaribiana kwa kila kundi, na magamba yasiyo na mikwaruzo mikubwa. Wa porini huja wakubwa kwa wadogo, magamba yamesuguliwa na mawe, kupe wamejificha kwenye mikunjo ya shingo na mapaja. Kupe hao si jambo dogo: mwaka 2000 Marekani ilizuia kuingizwa kwa kobe wenye madoa na aina nyingine mbili za Afrika kwa hofu ya ugonjwa wa maji moyo, unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Halafu kuna uharibifu usioandikwa kwenye cheti chochote. Kobe bapa hujibana ndani ya ufa wa jiwe. Mwokotaji asiyemfikia kwa mkono hutumia mtaimbo, jiwe likapasuka, na ufa ukaisha. Hata ukimrudisha kobe kesho, nyumba yake imekwenda, wala haioti tena kama mti.

Wapo wanaojibu kwamba ufugaji halali huwapa wanakijiji kipato na kupunguza uwindaji. Sikatai moja kwa moja. Mamba wa Nile hutaga mayai 50 hivi kwa mara moja, na wengi wa watoto wale wangeliwa porini kabla ya kufika mwaka. Hapo hesabu ya shamba inakubali. Chatu naye hutaga mayai kwa makumi. Kwa yai moja hesabu inakataa, na leseni ingepaswa kukataa pamoja nayo, haidhuru mwombaji ana ukuta mrefu kiasi gani.

Orodha za CITES zenyewe hazitoshi. Aprili 2025, Naivasha, walikamatwa wageni na malkia wa chungu, yaani sisimizi, karibu 5,000 wakiwa ndani ya neli za kioo zenye pamba. Chungu hao hawakuwa kwenye orodha hata moja ya mkataba. Mahakama ilitumia sheria ya hapa nyumbani, na kila mshtakiwa katika kesi za mwezi ule akapewa faini ya shilingi milioni 1 au miezi 12 gerezani. Naona ilikuwa sawa. Nyanda zilezile ndizo makazi ya kifutu mdogo mwenye pembe, nyoka asiyepatikana popote duniani ila nyanda za juu za Bonde la Ufa la Kenya. Kenya iliomba alindwe, akaingizwa Kiambatisho cha Pili mwaka 2016. Kwa mkusanyaji wa ng'ambo, maneno "hapatikani kwingine" ni tangazo la bei.

Sasa yule kobe wa Nakuru. Usimpeleke mbugani usiku ukamwachia. Aliyeishi na kuku na mbwa anaweza kubeba maradhi ya mapafu au kupe, akawaambukiza wenzake. Usimpakie kwenye bodaboda pia. Kumsafirisha bila kibali ni kosa juu ya kosa. Mpige picha mgongoni na tumboni, andika alipookotwa na lini, kisha nenda bila yeye hadi ofisi ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwa mfano lango kuu la mbuga ya Ziwa Nakuru. Omba wamfuate, na wakimchukua omba maandishi.

Akiwa bado kwako, mpe nyasi na magugu ya shambani, si ugali, maana una wanga mwingi na kalisi kidogo. Mwache juani, asifungiwe nyuma ya kioo cha dirisha, kwa sababu kioo huzuia miale inayomsaidia kuimarisha mifupa. Maji yawe kwenye sinia la kina kifupi, na kivuli kisikosekane. Watoto wanawe kwa sabuni kila wanapomshika, wala asiingie jikoni: Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kasa na kobe wadogo wenye gamba lisilofika sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kupata salmonela, bakteria wa kuharisha.