Nikiuliza maji yanapita wapi sijamtukana mtu

Jumamosi iliyopita nimeshinda garini na mwenzangu wa kazini, mama wa Kiingereza wa miaka 64, anataka akistaafu ahamie kijijini huko Norfolk, hukuhuku England ninakofanya kazi. Ilikuwa mara yake ya tatu kwenda kuiangalia nyumba ile ile. Mara ya kwanza alienda mchana jua linawaka, mara ya pili akaenda usiku, akazima gari akakaa tu anasikiliza, na hii ya tatu aliichagua makusudi kwa sababu utabiri ulisema mvua itanyesha kutwa nzima. Tumefika kavaa mabuti yake ya mpira, akaufuata mtaro wa barabarani aone maji yanaelekea wapi, halafu akaenda kugonga kwa jirani, hawajuani hata kidogo, akamuuliza maji yamewahi kuingia ndani? Mzee wa watu katoka na mwavuli, kamwonyesha kwenye ukuta wa banda lake alama ya maji, chini kidogo ya goti, akamwambia kwangu yaliingia, hiyo nyumba unayoitaka hayakufika ila barabara inaweza kufungwa siku mbili. Wakashukuriana, basi. Hakuna aliyenuna.

Mimi nimesimama pale mvua inaninyeshea, roho inaniuma, maana nimekumbuka Muheza.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani kuangalia shamba la eka mbili huko Muheza, nia yangu nikimaliza hii kazi nijenge vyumba vitatu na baraza, nipande michungwa yangu nipumzike. Shemeji ndiye aliyelitafuta na namshukuru kwa dhati, kahangaika sana. Muuzaji yupo, mwenyekiti yupo na mhuri wake, mashahidi wamekaa kwenye benchi, kila mtu anasubiri nihesabu hela. Nikauliza maswali manne tu. Masika maji yanapita wapi? Mpaka wa huku chini ni upi, na jirani wa upande huo mbona hayupo hapa? Mke wa muuzaji amekubali? Na mtu akizidiwa usiku anafikaje hospitali? Jamani, ungedhani nimemtemea mtu mate. Muuzaji kainamisha kichwa, mwenyekiti kasema dada huyu hatuamini, shemeji kanivuta pembeni ananiambia unaniaibisha, huko Ulaya ndiko wanakowafundisha kutuona sisi wezi?

Sikununua siku ile. Kesho yake asubuhi nikarudi peke yangu, nikapita kwa bibi mmoja anayekaa nyumba ya jirani, nikampa shikamoo, tukaongea habari za watoto na mavuno mpaka mwenyewe akaniuliza mwanangu, ule mchungwa wa mwisho kule bondeni umeuangalia? Nikashuka. Mti mfupi kuliko wenzake wote, na shina lake lina tope lililokaukia mpaka usawa wa kiuno changu, majani makavu yamenasa kwenye matawi ya chini yameelekea upande mmoja, vile maji yanavyoyalaza. Na jana yake pale ndipo niliambiwa patafaa kujenga, ati ni tambarare.

Hilo tu ndilo linaloniumiza. Kule kwa Waingereza kuuliza ni sehemu ya kununua, kwetu kuuliza ni kumvunjia mtu heshima. Huku England unaandika postikodi kwenye ukurasa wa serikali unaambiwa bure hatari ya mafuriko ikoje. Rejista ya ardhi iko wazi kwa mtu yeyote tangu 1990, unalipa pauni chache unaona mwenye nyumba ni nani na kama ina mkopo wa benki, hata kama nyumba hiyo haiuzwi na mwenyewe hakujui. Na bado yule mama hakuridhika na kompyuta, kaenda kugonga mlango!

Sasa najua kuna mtu anasoma hapa kashaanza, ooh kaenda majuu miaka ishirini anarudi kutufundisha kununua shamba, ooh mzungu mweusi. Ngoja. Mimi nimezaliwa Temeke, pasipoti yangu ni ya Tanzania mpaka leo na sijawahi kuibadilisha (wale mliochukua uraia wa huku anzeni na hilo kabla ya kutuma hata senti, sheria yetu haimhesabu asiye raia sawa na raia kwenye ardhi, mtafuteni mwanasheria mmuulize hali ikoje leo). Na hayo maswali hayakutoka Uingereza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, tumeitunga wenyewe, inasema ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na hiyo halmashauri haigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Mwenyekiti na mhuri wake peke yake si halmashauri. Hilo la mke nalo, Sheria ya Ndoa ni ya 1971, nyumba ya familia haiuzwi bila mwenzi kuridhia, mimi 1971 hata kutembea nilikuwa bado. Mita 60 kutoka kingo za mto tumejiwekea wenyewe kwenye sheria ya mazingira ya 2004. Kwa hiyo nikiuliza ni Mtanzania anauliza kwa sheria za Tanzania, uzungu hapo uko wapi?

Halafu mtu anakwambia mbona wazee wetu walinunua bila maswali. Wazee wetu walikuwa wanaishi palepale! Babu hakuhitaji kuuliza maji yanapita wapi, kayaona miaka arobaini. Mimi nakuja wiki tatu, mwezi wa nane, vumbi tupu, kila bonde linapendeza. Desemba 2023 si wote tuliona kwenye simu zetu tope lilivyoshuka kutoka Mlima Hanang likaifunika Katesh? Na Aprili iliyofuata si tuliiona Rufiji imekuwa ziwa? Tukapiga magoti tukaombea, tukachanga, halafu mwezi uliofuata tukaendelea kununua viwanja vya bondeni kwa picha za WhatsApp.

Naomba pia nisieleweke kwamba nawasifia wa huku, maana kuna jambo wanakosea vibaya na nalishuhudia kila siku kwa macho yangu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Ninaye mzee mmoja, kijiji chake kizuri mpaka watalii wanasimama kupiga picha, alihamia yeye na mkewe walipostaafu, na walifanya yote, wakapima unyevu wa kuta, wakakagua tangi la choo, wakahesabu mabasi. Mkewe ndiye aliyekuwa dereva. Mke kafariki, macho ya mzee yamefifia, huku ukifika miaka 70 leseni ya gari unaiomba upya kila baada ya miaka mitatu na yeye ya kwake kairudisha. Basi linapita siku mbili kwa wiki. Mimi naingia asubuhi nusu saa, namwogesha, namtengea chai, na kuna siku ananiambia wewe ndiye mtu wa kwanza na wa mwisho kuongea naye leo. Nikitoka anasimama dirishani mpaka gari lipotee.

Muheza nililala nyumba ya wageni, mafua yakanibana nikachelewa kutoka, saa tatu hazijafika yule bibi wa shambani kamtuma mjukuu wake na boda, hatujajuana hata siku mbili, mtoto kasimama mlangoni anasema bibi anauliza kulikoni leo hujapita. Nililia, sioni haya kusema. Hicho huku hakinunuliki kwa pauni ngapi sijui, na yule mwenzangu wa Norfolk katika karatasi zake zote hana swali linalosema nani atajua kama sijaamka. Nilimwambia kwenye gari tukiwa tunarudi, akanyamaza muda mrefu, halafu akaliandika.

Lakini bibi hawezi kunibeba. Nina presha, na nikifika miaka 80 sitakuwa na miguu hii, na watu wengi wanaotafuta shamba la kustaafia wanatafuta kwa miguu ya miaka 55, wanapenda kilima kwa sababu leo wanakipanda. Kwa hiyo usiku wa mwisho nilikodi boda kutoka pale shambani mpaka hospitali ya wilaya, saa nane usiku, na mvua isiyo ya msimu inamwagika. Niliambiwa ni dakika 20. Tumetumia 55, mara mbili tumeshuka kusukuma, na yule kijana ni hodari, anaijua njia. Nesi wa zahanati nilimuuliza dawa zangu huwa zipo? Akanijibu kwa uungwana kabisa kwamba kuna miezi zipo na kuna miezi anawaandikia watu wakanunue mjini, na akanishukuru kwa kuuliza. Ona huyo! Hakuona dharau, kaona mtu mzima anayejipanga. Maji ya kisima nikayaonja mwenyewe, yana chumvi, kwa hiyo tangi la kuvunia maji ya mvua linaingia kwenye bajeti kabla ya baraza.

Na bado nalitaka shamba lile, watu hawaamini nikisema. Nalitaka sehemu ya juu, kwa mke wa muuzaji kuweka sahihi, na jirani wa chini kuja kuonyesha mpaka kwa mkono wake, na muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji niuone. Shemeji tumepatana nusunusu, anasema safari hii hatakaa kwenye benchi na mimi, sawa, namwelewa, yeye ndiye anayebaki kuishi nao. Muuzaji kampigia yeye wiki iliyopita kumwambia mkewe yuko tayari kuongea na mimi.

Tiketi nimekata ya mwezi wa nne, katikati ya masika. Bibi nimempigia, kasema nisichelewe kutoka kitandani, nifike mvua ikiwa bado inanyesha, atashuka na mimi mpaka kwenye ule mchungwa.