Risasi Isiyo na Risasi

Kiswahili kimetuachia kituko kimoja: risasi ni ile inayoruka kutoka mtutuni, na risasi ni yale madini laini, mazito, yanayotumika kuitengenezea. Kwa hiyo mgeni anayeshuka Tabora siku hizi na vichwa (ile sehemu inayoruka) vya shaba tupu kwenye bunduki yake ya .375, yaani yenye kipenyo cha mtutu cha inchi 0.375, kwa lugha yetu amebeba risasi zisizo na risasi. Wazee wa Sikonge waliokua na gobori hucheka wakisikia hivyo. Lakini kila Julai, msimu ukifunguliwa, ubishi wa madini haya mawili hurudi kwenye moto wa kambi.

Wageni wengi wa uwindaji wa kitalii hujaza risasi zao wenyewe huko kwao. Wananunua ganda, fataki ya kuwashia, baruti na kichwa, kila kimoja peke yake, kisha wanaviunganisha mezani kwa mizani ndogo na mashine ya mkono. Kwetu jambo hilo ni geni. Hapa mtu hununua risasi iliyokamilika, akiipata. Ila mbogo ni wa huku, na nyama yake inaliwa huku. Kwa hiyo nasi tunalo la kusema.

Nianze na watetezi wa mtindo wa zamani, yaani kichwa cha risasi laini kilichovikwa koti la shaba. Hoja yao nzito kuliko zote si bei, ingawa bei nayo ipo. Ni ukubwa. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, ya shaba haifiki 9. Ukitaka kichwa cha shaba chenye uzito uleule, lazima kiwe kirefu zaidi, na urefu huo unaingia ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Ndiyo maana wapo wanaoacha kichwa cha greni 300 walichozoea kwenye .375, kama gramu 19 na nusu hivi, wakashuka hadi 270. Kisha kuna wenye bunduki za urithi, zile za mitutu miwili za Waingereza. Mitutu hiyo ni myembamba, na wenyewe wanahofia kwamba kichwa kigumu kitaumiza mifereji yake ya ndani. Viwanda vimejibu kwa kuchonga mikato kuzunguka kichwa ili kipite bila kukaza sana, lakini bunduki ya babu yangu, kama ningekuwa nayo, nisingeifanyia majaribio.

Upande wa shaba una ushahidi unaoonekana kwenye uchunaji. Mbavu za mbogo ni pana na zimekaribiana, na bega lake ni ukuta. Nimewahi kusimama karibu na mchunaji akipapasa ngozi ya ubavu wa pili, akachana kidogo kwa ncha ya kisu, kikadondoka kichwa cha shaba kilichochanua majani manne kama ua, karibu mzima. Kwa mbogo mwingine lilitoka koti tupu. Kiini cha risasi kilikuwa kimesambaa begani vipande vipande. Ni haki kusema kwamba siku hizi vipo vichwa ambavyo kiini chake kimeunganishwa na koti kabisa, na hivyo havisambaratiki ovyo. Anayelaumu risasi yote kwa makosa ya vichwa vya zamani anaonea.

Kwangu mimi, linaloamua ni vile vipande. Kichwa cha risasi kikivunjika hutupa chembe mbali na tundu la jeraha, nyingine ndogo hata jicho halizioni, na madini ya risasi ni sumu. California ilipiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote kuanzia Julai 2019, hasa kwa sababu ndege walao mizoga walikuwa wakifa. Sisi tunao tumbusi wanaoshukia matumbo yaliyoachwa porini, na tangu kanuni za mwaka 2020 tuna mabucha ya nyamapori yanayoruhusiwa kisheria. Mgeni anaondoka na pembe na fuvu. Mtoto wa kijijini ndiye anayekula bega.

Jambo ambalo pande zote mbili hulipitia haraka ni baruti na joto. Waliobuni risasi ya .416 Rigby mwaka 1911 waliipa ganda pana kwa makusudi, kwa sababu baruti ya wakati ule ilipandisha shinikizo kwenye nchi za joto. Mwaka 1956 ikaja .458 Winchester Magnum yenye ganda fupi. Baruti ikashindiliwa, baadhi ya risasi zikakaa muda mrefu, baruti ikagandamana, zikatoka dhaifu. Baadhi ya wawindaji wa Afrika waliipa kisogo kwa miaka mingi. Sasa mtu anayechukua ganda dogo kama lile na kulipachika kichwa kirefu cha shaba anarudi kwenye shida ileile. Shaba naiunga mkono, ila kwenye ganda lenye nafasi, na kwa baruti isiyoyumba kwa joto.

Oktoba moja, nje kidogo ya Ugalla, mgeni aliacha sanduku lake la risasi juu ya boneti ya gari tangu asubuhi hadi saa saba. Alikuwa amezijaza kwao wakati wa baridi, karibu na kiwango cha mwisho cha baruti. Akajaribu moja kwenye shabaha ya karatasi; ganda likanata kwenye chemba, pale risasi inapokaa, boliti ya kulitolea ikagoma, ikabidi aigonge kwa kipande cha mti. Mwindaji bingwa hakusema neno. Alilichukua lile sanduku, akalifunga kwa kitenge kilicholoweshwa maji, akaliweka kivulini chini ya mninga, pembeni ya debe la asali.