Methadoni na wiki mbili za mwanzo

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ianze kutoa methadoni, dawa ya kunywa ya kuwatibu waraibu wa heroini, yaani unga, mwaka 2011, lawama haijabadilika: mtu anatolewa kwenye unga na kufungwa kwenye dawa nyingine. Wanaosema hivyo wengi ni wazazi na ndugu, na hawana nia mbaya. Wameibiwa mpaka masufuria, wengine wameuza kiwanja ili kijana atibiwe, na wanachotaka ni kumwona safi kabisa. Wakimwona bado anapanga foleni kliniki mwaka wa tatu, wanajiuliza hiyo tiba ni ya namna gani.

Hoja yao ina uzito. Methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni. Mwili huizoea, na anayeikosa siku kadhaa hupata arosto, yale maumivu ya mwili uliozoea dawa ukiikosa. Ikichanganywa na pombe au valiamu inaweza kukata pumzi. Kwenda kuinywa kliniki kila siku kunamtesa aliyepata kibarua cha alfajiri au asiye na nauli. Nyumba za upataji nafuu, zile tunazoziita soba, nazo zimewarudisha kwao vijana wasiotumia chochote, na hilo si jambo dogo.

Ila kuna jambo la mwili ambalo mjadala huu hulipita haraka mno. Heroini hudumu saa chache tu, ndiyo maana teja hutafuta kete mara kadhaa kwa siku na hana nafasi ya jambo jingine. Methadoni ya kunywa hushika saa 24 au zaidi. Dozi ikishakaa sawa, mtu haumwi arosto wala hapati stimu, na anaweza kufanya kazi. Muhimu zaidi, mwili wake haupotezi uzoevu, yaani uwezo wa kuhimili dozi kubwa.

Aliyekaa miezi kadhaa soba au gerezani bila kutumia, uzoevu umemtoka, lakini hamu inaweza kuwa palepale. Akiteleza siku moja atachukua kipimo kilekile cha zamani, na safari hii kinaweza kumuua. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani ni za hatari kubwa mno kwa mtu wa namna hii. Ndizo wiki ambazo nyumbani watu wanashukuru Mungu na ulinzi umelegea. Sisi tunamhesabu kama aliyepona kwa sababu alitoka akiwa safi. Akifa kwa kuzidisha dozi, majirani wanaambiwa aliugua ghafla, na hesabu yetu ya mafanikio haiguswi.

Ukamataji una kazi yake, maana pwani yetu iko kwenye njia ya majahazi yanayobeba heroini kutoka upande wa Iran na Pakistan. Lakini kete zikiadimika mtaani arosto haiadimiki, na mwenye arosto hachagui sindano. Anayekunywa methadoni hajidungi kama zamani, hivyo VVU na homa ya ini vinapata njia chache, na kwa kuwa anaonekana kliniki kila siku, ni rahisi kumpima na kumfuatilia.

Kwa hiyo soba isifungwe. Ila kila anayejiandaa kutoka soba au gerezani aelezwe waziwazi, pamoja na nduguze, kwamba kipimo chake cha zamani sasa ni sumu, na aulizwe kabla hajavuka geti kama anataka kuandikishwa kliniki.