Moshi wa Dandora haumo kwenye picha ya saa nane

Kuna jibu linalonikera kila kiangazi. Mkazi wa Korogocho au Kariobangi, mitaa ya Nairobi iliyo jirani na dampo la Dandora, analalamika kwamba moshi wa dampo hilo umemkosesha usingizi, watoto wanakohoa, nguo zilizoanikwa zinanuka. Punde mtu anabandika picha ya setilaiti ya siku ileile, Nairobi ikionekana bila doa, na kuuliza: "Mbona huku juu hakuna moshi?" Picha yenyewe ni ya kweli. Dhuluma iko katika kuitumia kumnyamazisha mtu anayeumia.

Tuanze na saa. Setilaiti za Suomi NPP, NOAA-20 na NOAA-21, zinazobeba kamera ya VIIRS, huvuka ikweta saa saba na nusu mchana kwa saa ya jua. Kwa saa zetu za Nairobi ni karibu saa nane mchana, halafu saa nane usiku. (Ramani za FIRMS, mfumo wa NASA unaoonyesha mioto kwa nukta nyekundu, huandika muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Ukiona 11:00 hapo, ni saa nane mchana kwetu, wala si saa tano asubuhi. Wengi huteleza hapo, wakaenda kutafuta upepo wa saa isiyohusika.) Kufikia saa nane, jua limeshachemsha ardhi, hewa imepanda na kuuchukua moshi juu, ukatawanyika hadi ukawa mwepesi. Usiku ni kinyume. Upepo unatulia, hewa baridi inalala kwenye bonde la Mto Nairobi, na hewa ya joto iliyo juu yake inakuwa kama kifuniko. Moshi unabaki usawa wa mabati hadi jua lipate nguvu. Wakati huo hakuna picha ya mwanga wa kawaida. Kamera ya usiku hutegemea zaidi joto, na kwa mawimbi ya joto moshi karibu hauonekani kabisa.

"Basi mbona hata nukta nyekundu hakuna kwenye ramani ya FIRMS?" Kwa sababu nukta nyekundu haijawahi kuwa moshi. Ni joto. VIIRS hupima vipande vya mita 375 kwa mita 375, yaani hekta 14 hivi, na kipande hupewa nukta kikiwa na joto linalokizidi kwa wazi kile cha jirani. Dampo halilipuki kama nyasi kavu. Linafukuta ndani kwa ndani, chini ya tabaka za taka, na juu joto ni dogo. Joto hilo likigawanywa kwenye hekta 14 linapotea. Moto wa kufukuta ndio wenye moshi mchafu zaidi, kwa kuwa taka haziungui zikaisha, na ndio huohuo unaoiponyoka setilaiti kwa urahisi. Vipimo vya erosoli, yaani chembe zinazoelea hewani, navyo havisaidii sana hapa: vile vizuri zaidi vina pikseli ya karibu kilomita 1, vya kawaida kilomita 3 hadi 10, na mng'ao wa mapaa ya jiji huvichanganya. Isitoshe, vinajumlisha hewa yote kuanzia ardhini hadi juu. Havikuambii ni kiasi gani kiko usawa wa pua ya mtoto.

Nikubali lisilokanika: kwa moto mkubwa wa msituni, setilaiti hazina mshindani. Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 na ule wa Aberdare wa Februari 2022 zilikuwa kazi zake hasa. Ila fanya kazi yenyewe vizuri. Kwenye Worldview, tovuti ya NASA ya picha za setilaiti, fungua picha ya rangi halisi ya VIIRS, kisha juu yake weka mchanganyiko wa M11-I2-I1, picha ya rangi bandia inayotumia pia mawimbi ya infraredi yasiyoonekana kwa macho. Wingu la maji litabaki jeupe. Moshi utafifia sana, kwa sababu chembe zake ni ndogo kuliko urefu wa mawimbi hayo. Kilichobaki cheupe ni wingu, kilichofifia ni moshi. Ukiwa na shaka kama ni vumbi la jangwa la Chalbi, ongeza vipimo vya kaboni monoksidi vya setilaiti ya Sentinel-5P, kwani vumbi halitoi gesi hiyo. Usitegemee kielezo cha erosoli peke yake: hupanda kwa vumbi na kwa moshi, tena hakioni vizuri moshi ulio chini karibu na ardhi. Na ukitumia MODIS, kamera nyingine ya setilaiti za NASA, ile michirizi mitupu karibu na ikweta ni mapengo kati ya mapito. Siku nyingine Nairobi huangukia humo.

Kwa Dandora, kipimo kiko chini. Sensa za bei nafuu za PM2.5, yaani chembe ndogo sana za hewani zinazoingia hadi ndani ya mapafu, zinatosha kuanzia. Zifungwe mita 2 hadi 3 kutoka ardhini, mbali na jiko, kibanda cha nyama choma na bomba la jenereta, zikirekodi angalau kila dakika 10. Wastani wa siku nzima hufunika kilele cha alfajiri, kwa hiyo angalia saa kwa saa. Shirika la Afya Duniani liliweka mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo kuwa mwongozo wa saa 24 mwaka 2021, lakini mtu anapumua saa moja moja. Kasoro moja: unyevu mwingi, hasa manyunyu ya Julai, huzifanya sensa hizi zitoe namba za juu kupita kiasi. Kabla ya kuzisambaza, zikae zote wiki mbili kando ya mashine rasmi ya kupima hewa ili zirekebishwe.

Upepo wa Nairobi mara nyingi hutoka mashariki. Kwa hiyo sensa moja ikae upande wa Njiru, kabla upepo haujafika dampo, na nyingine Korogocho, baada ya dampo. Chukua masaa ambayo upepo umetoka mashariki tu, toa namba ya Njiru kwenye ya Korogocho, na ufanye hivyo alfajiri baada ya alfajiri kwa mwezi mzima. Tofauti hiyo, yaani kile kinachoongezeka upepo ukipita dampo, ndiyo namba ya kupeleka kaunti.