Nyumba ya kwanza ya kupangisha Mtwara: anza na mpangaji

Ndugu zangu wa kusini tulio nje, tukianza kuzungumzia kujenga nyumbani, cha kwanza kutajwa ni ramani: vyumba vinne, baraza pana, geti la kuvuta. Hapa Uingereza ninapoishi, anayetafuta nyumba yake ya kwanza ya kupangisha anaanza na hesabu, maana benki inayomkopesha haimwachii. Kwa kawaida atatanguliza asilimia 25 ya bei, kisha benki ipime kama kodi ya mpangaji inabeba riba ya mkopo. Na kama tayari ana nyumba nyingine, tangu Oktoba 2024 anaongezewa asilimia 5 kwenye ushuru wa ununuzi.

Sisi tunajenga kwa pesa mkononi, mfuko wa saruji mmoja mmoja. Nyumba ikikaa tupu miaka miwili hakuna anayetugongea mlango kudai. Hasara ipo, ila haipigi kelele.

Mtwara ilishayaonja haya. Homa ya gesi ilipopanda, watu walijenga nyumba za kifahari wakiwasubiri wageni wa makampuni. Bomba la gesi likakamilika 2015, gesi ikaenda Dar es Salaam, wageni wengi wakaondoka. Sasa nasikia hesabu zilezile zinapigwa Lindi kwa ajili ya mradi wa gesi wa Likong'o, na inaniuma.

Nyumba ya kwanza ijengewe mtu ambaye tayari yupo: nesi wa hospitali ya Ligula, mtumishi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, mwalimu, fundi wa kiwanda cha saruji. Huyo anatafuta chumba na sebule, choo cha ndani, tangi la maji, na LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, yake mwenyewe. Hili la LUKU nalisisitiza. Nyumba nzuri huvurugika kwa kuchangia mita moja ya umeme: huyu ana friji, yule ana taa mbili, umeme unanunuliwa kwa kuchanga, na siku ya kuchanga mmoja hapatikani simuni. Wiki inayofuata mpangaji mtulivu kuliko wote ndiye anayehama. Ila kwa kuwa kodi ya jengo, ile ya serikali, hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, ukiweka mita kadhaa fuatilia isikatwe kwenye zote.

Nyumbani tuna nafuu moja kubwa: mpangaji hulipa miezi sita mbele, huku ni mwezi kwa mwezi. Lakini kwa nesi aliyeajiriwa juzi, miezi sita ni mzigo mzito. Mimi ningepokea mitatu, nikae naye miaka.

Kiwanja nacho usikinunue kwa barua ya serikali ya mtaa peke yake. Tuma mtu ofisi ya ardhi ya manispaa akaulize kimesajiliwa kwa jina la nani. Na aliyechukua uraia wa huku, sheria yetu ya ardhi ina masharti yake kwa asiye raia. Amalizane na wakili kwanza, kabla hajatuma hata pesa ya matofali.