Insulini Isipimwe Peke Yake

Jibu la insulini lisiloandamana na sukari ya damu iliyochukuliwa wakati uleule halina maana, na kwa maoni yangu maabara ingekataa kabisa ombi la namna hiyo. Insulini ya 8 µIU/mL kwa mtu mwenye sukari ya 5.0 mmol/L haimtishi mtu. Nane hiyohiyo sukari ikiwa 2.4 ni jambo zito, maana hapo kongosho lilipaswa kuwa karibu limeacha kuitoa.

Kwa anayeshukwa na sukari mara kwa mara, damu ichukuliwe dalili zikiwa zimeshamshika, kabla hajapewa chochote kitamu. Zisipojitokeza zenyewe, hulazwa na kufunga kula chini ya uangalizi, hata hadi saa 72. Sukari ikiwa chini ya 3.0, tazama insulini ya 3 µIU/mL au zaidi pamoja na C-peptidi (kipande ambacho kongosho hukitoa sambamba na insulini yake, na ambacho hakimo kwenye insulini ya sindano) ya 0.2 nmol/L au zaidi: mwili wenyewe ndio unaoitoa. Insulini juu na C-peptidi chini, hiyo ni ya sindano. Vyote viwili vikiwa juu, watu hukimbilia kupiga picha za kongosho kutafuta uvimbe unaotoa insulini. Tafuteni kwanza dawa za sulfonilurea, vidonge vya kisukari vinavyosukuma kongosho kutoa insulini, kwenye damu hiyohiyo, kwa sababu vidonge hivyo huleta sura ileile.

C-peptidi huaminika zaidi kwa sababu ini haliigusi sana, ilhali insulini hupoteza karibu nusu yake hapo. Ila husafishwa na figo. Figo zikidhoofika, hupanda bila kongosho kuongeza kazi.

Makosa mengi lakini huanzia kwenye mkono unaotoa damu. Sindano nyembamba mno, bomba kuvutwa kwa nguvu, mrija kutikiswa: chembe nyekundu hupasuka na kumwaga kimeng'enya kinachomeng'enya insulini. Seramu, yaani maji ya damu yanayobaki ikishaganda, ikitoka na wekundu, insulini itasomeka chini huku C-peptidi ikibaki karibu ilivyokuwa, na uvimbe wa kweli unaweza kupita bila kuonekana. Sampuli hiyo itupwe, mgonjwa atolewe nyingine. Iliyo safi iachwe igande kama nusu saa, izungushwe kwenye mashine, seramu itengwe na kuwekwa kwenye friza. Mrija wa sukari uwekwe kwenye barafu hata kama una floridi, kemikali ya kuzuia chembe zisitumie sukari, kwani floridi huchelewa kushika na chembe huendelea kula sukari.

Glukagoni, homoni ya kongosho inayopandisha sukari, ni dhaifu zaidi: mrija uliopozwa wenye EDTA ya kuzuia damu isigande, na aprotinini ya kuzuia vimeng'enya visiivunje, na ubaridi usikatike hadi friza.

Mgonjwa aulizwe pia kuhusu biotini, ile ya vidonge vya nywele na kucha. Kwenye baadhi ya mashine hushusha majibu ya insulini na C-peptidi kwa uongo. Na kama anashukiwa kujidunga, maabara iseme kipimo chake kinazitambua insulini zipi: vingine havioni insulini za kutengenezwa kama lispro wala glajini, na jibu la chini halimwondoi kwenye shaka.